Yamekwisha, Usirudie

Robinah Nabukeera alipiga magoti mlangoni pa chumba, akainamisha kichwa hadi kitambaa chake kikakaribia kugusa mkeka, akamwambia mumewe kwamba baba yake amefariki alfajiri. Alilisema taratibu, kama mwanamke wa Kiganda aliyelelewa anavyotakiwa kumwambia mume jambo zito: bila kupiga yowe kwanza, bila kumkazia macho, sauti nyembamba ikitokea chini ya kitambaa. Machozi yalikuwa yakidondoka. Akaongeza kwamba maziko ni kesho, na kwamba kaka zake wanamngoja mkwe na lubugo lake, ile nguo ya gome la mtuba ya kumzungushia marehemu. Mkwe asipoileta, huko ukweni ni afadhali asingezaliwa.

Erisa Mutyaba alikuwa ameketi kitandani akifunga kamba za viatu. Aliona kitambaa cha kichwa, akaona mabega yakitikisika. Jana yake walikuwa wamegombana vibaya kwa ajili ya Mama Kizza, mwanamke anayewauzia chakula mafundi wa Katwe, na Mutyaba alilala ameelekea ukutani. Sasa moyo wake ukalegea. Kumbe mke ameamka na akili, amekuja kuomba radhi, tena kwa machozi.

"Yamekwisha," alisema, akamvuka pale mlangoni kama mtu anavyovuka beseni la maji. "Usirudie tena."

Binti yao Nakitto alikuwa uani akiwasha sigiri. Aliyasikia yote mawili, ya mama na ya baba. Alingoja mlango wa nje ufungwe ndipo akaingia ndani na mikono yake ya masizi.

"Mama, huyo amesema nini?"

"Amesema nisirudie." Robinah bado alikuwa magotini. "Baba yangu asife tena."

Ndipo akapiga yowe. Mutyaba hakuwa amefika mbali, alikuwa hata hajamaliza kichochoro, lakini hakugeuka.

Katwe ni mahali pa nyundo. Bati la alumini huingia asubuhi likiwa bapa na jioni hutoka likiwa sufuria la kupikia harusi, na katikati yake kuna kupigwa tu, kutwa nzima, mamia ya mafundi wamebanana ubavu kwa ubavu kila mmoja na nyundo yake. Mutyaba alianza hapo akiwa kijana asiye na ndevu. Siku za mwanzo alilala masikio yakimlia kama nyenje, akalalamika, na fundi mkuu akamcheka. Akamwambia avumilie, sikio ni kama kiganja, likipigwa sana linakomaa. Siku kijana wa Katwe anapoacha kukunja uso nyundo zikilia, wenzake humnunulia nyama ya kuchoma na kumwita fundi. Mutyaba alinunuliwa nyama. Naye amewanunulia vijana wengi.

Ujinga huu umenikera miaka mingi, kwa hiyo nitausema ulivyo. Sikio halikomai. Ndani yake kuna kijumba kilichojiviringa kama gamba la konokono, na humo mna vinywele visivyoonekana, ambavyo sauti ikipita huyumba kama majani yanavyoyumba upepo ukipita. Kuyumba huko ndiko ubongo unakokuita kusikia. Sauti nyembamba hupokewa na vinywele vya mlangoni, na sauti nene husafiri hadi kule ndani kabisa. Sasa kila kishindo cha nyundo lazima kiingilie mlangoni, kwa hiyo vya mlangoni ndivyo vinavyokanyagwa kwanza, na kinywele cha sikio kikilala hakiinuki tena. Sikio lililoacha kuuma pale Katwe ni sikio lililokwisha anza kufa, na likianza kufa huanza na wanawake.

Ndiyo maana fundi wa Katwe hajijui. Anasikia lori, anasikia ngoma, anasikia wanaume wenzake wakipiga soga. Wanaompotea ni mke, watoto na ndege, na hata hao hawapotei kabisa, ila maneno yao hubaki kama manung'uniko ya mtu aliye chumba cha pili. Naye haambiwi na kitu chochote kwamba ni yeye. Anachokiona ni kwamba siku hizi wanawake wa nyumbani kwake wana dharau, wananong'ona, na ukiwauliza wamesema nini wanasonya.

Mama Kizza alikuwa na sauti ya kiume, ya kukwaruza, na hakuwa na haya. Kwa kuwauzia katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo, wanaume waliozungukwa na nyundo, alijifunza kusimama mbele ya mtu, mikono kiunoni, kumtumbulia macho na kumfokea usoni. Mutyaba alimsikia neno kwa neno. Ndiyo maana alicheka naye, na ndiyo maana Robinah, siku alipopita na kuwakuta wakicheka, aliona mume ambaye nyumbani ni bubu kumbe nje ana maneno.

"Mutyaba! Leo uso umenyooka," alimfokea adhuhuri ile akimpakulia. "Umeokota nini?"

"Mke wangu ameniomba radhi. Kwa magoti, na machozi juu."

"Kwa kosa gani?"

"La kukutukana wewe."

"Mimi?" Mama Kizza alicheka hadi mwiko ukamtikisika mkononi. "Mwanamke alie machozi kwa ajili yangu mimi? Huyo ana lake. Ulimuuliza?"

"Mtu akikuomba radhi unamuuliza nini? Unasamehe."

"Wewe ni bwege. Haya, kula ndizi zako zisipoe."

Mafundi walicheka. Mutyaba naye alicheka, akala, akarudi kwenye bati lake.

Jioni alikuta nyumba imefungwa. Ufunguo ulikuwa kwa jirani, mama mmoja mnyonge, ambaye alimnyooshea kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni kwa heshima na kumwambia "Kitalo, ssebo", pole ya msiba. Mutyaba aliitikia kwa kichwa, akadhani anamsalimu tu. Ndani, magomesi mawili ya Robinah, yale magauni yake marefu ya Kiganda, hayakuwepo, wala viatu vya Nakitto. Sufuria lilikuwa tupu limefunikwa.

Alikaa kitandani na hasira zikampanda. Kumbe yale magoti ya asubuhi yalikuwa ya kuaga! Mwanamke anaomba radhi asubuhi, mchana anabeba nguo na kukimbilia kwao, tena na binti. Simu yake ilionyesha kwamba shemeji yake Ssemwanga, kaka mkubwa wa Robinah, amempigia mara nyingi. Mutyaba hakusikia hata moja, mlio wa simu ile ni mwembamba kama wa mbu. Aliitazama ikiwaka tena mkononi mwake, jina la Ssemwanga likitokea, na akajua wanalotaka: kumwita, kumweka kitako, kumtoza faini kwa ajili ya muuza katogo.

"Wangoje," alisema peke yake, akaizima.

Kesho yake, saa ambayo Mzee Bukenya, baba yake Robinah, alikuwa anashushwa kaburini katikati ya migomba yake, mkwe wake mkubwa alikuwa Katwe anapiga sufuria.

Alijikaza hadi nguo safi zilipomwishia na chai ya kujipikia ikamchosha. Hapo akamwandikia ujumbe dada yake Kevina aliyeko Masaka. Kwetu dada wa mume, shangazi wa watoto, ndiye anayetengeneza ndoa zikipinda. Kevina akaja, akaukagua uchafu wa nyumba na kusonya.

"Mwanamke aliyeondoka hufuatwa," alimwambia, akiwa ameinua sauti kama alivyozoea kwa kaka yake bila kujiuliza kwa nini. "Vaa kanzu. Nunua jogoo wa shemeji, nyama, sukari ya mzee. Tukifika nyenyekea, usijifanye fundi."

"Mzee hana neno na mimi. Mzee ataniokoa."

Na hilo alikuwa analiamini kabisa. Kati ya watu wote wa ukweni, Mzee Bukenya ndiye aliyempenda. Alikuwa na sauti nene iliyotoka tumboni, na Mutyaba angeweza kuketi naye jioni nzima wakizungumzia kahawa na siasa bila kupoteza neno.

Walishuka Mityana mchana, wakapanda pikipiki hadi kijijini. Moto ulikuwa unawaka uani, mchana kweupe. Wanaume walikuwa wameuzunguka kwenye vigoda, hawajanyoa, na kule jikoni wanawake walikuwa wamejifunga kamba za mgomba viunoni. Kevina alielewa mara moja. Alimvuta kaka yake kanzu, akasema, "Erisa, simama, hapa pana msiba," lakini alisema akiwa nyuma yake, na Mutyaba alikwisha tangulia, kanzu nyeupe, koti, jogoo kwapani.

"Wakwe zangu! Habari za huku?" alinguruma kwa furaha ya mtu anayeogopa. "Mzee yuko wapi? Nimemletea sukari yake."

Hata watoto waliacha kucheza. Ssemwanga aliinuka polepole, akaichukua ile sukari mkononi mwake, akaupasua mfuko na kuimwaga kwenye moto. Harufu ya kuungua ikapanda.

"Mzee yuko kule nyuma, chini ya migomba," alisema. "Amelazwa bila lubugo la mkwe mkubwa. Mpelekee sukari huko."

Mutyaba alitazama alikoonyeshwa. Udongo mwekundu, mbichi bado, na maua yaliyonyauka. Jogoo alimponyoka akakimbilia chini ya ghala la kahawa. Mutyaba alipiga hatua kama tatu hivi kuelekea kule, akakaa chini palepale na kanzu yake na kulia kwa sauti kubwa, kama anavyolia mtu aliyepata habari sasa hivi. Wao walikuwa wameshalia wakamaliza, na kilio kile kiliwachefua.

"Machozi ya mamba," mtu mmoja alisema.

"Mwache alie. Si amezoea kuchelewa?"

Walimketisha juu ya mkeka, chini, mwanaume mzima mbele ya vigoda vya wanaume wenzake. Mwenye kusikiliza kesi alikuwa Mzee Luwalira, mdogo wake marehemu. Mama mkwe alikuwa ndani nyuma ya pazia, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, lakini alikuwa amesogeza mkeka wake karibu na dirisha asipitwe na neno.

Robinah akaitwa. Alikuja na macho yaliyovimba, akapiga magoti, akainama na kueleza. Alieleza yote: simu ya alfajiri, magoti ya mlangoni, maziko, lubugo. Akaeleza alichojibiwa. Wanawake wa jikoni waliguna. Mutyaba aliona kitambaa cha kichwa kikiinuka na kushuka.

"Ni kweli?" Mzee Luwalira aliuliza.

"Kipi?"

"Hayo aliyoyasema."

"Bado hajasema kitu. Ananung'unika tu."

Kelele zikalipuka. Mwanamume mmoja alitema mate kando ya mkeka. Ssemwanga alisimama akamwinamia usoni. "Dada yangu amekwambia baba yetu amekufa, nawe ukamjibu 'Yamekwisha, usirudie tena.' Ulisema, hukusema?"

Mutyaba alifungua mdomo. Ile asubuhi ilimrudia yote kwa mpigo, kitambaa, mabega, machozi mkekani. "Nilisema," alisema. "Nilidhani ananiomba radhi. Sikumsikia."

"Mimi unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mzee Luwalira?"

"Namsikia."

"Kwa hiyo kiziwi wa mkewe peke yake!"

"Muulizeni kama Mama Kizza hamsikii!" Robinah alipasuka, bado ameinamia mkeka. "Yule humsikia hata akiwa ng'ambo ya barabara!"

Ssemwanga akamrudia Mutyaba swali kwa sauti yake nene. Mutyaba akafikiri, akajibu ukweli aliokuwa nao.

"Yule husimama mbele yangu. Huniangalia."

"Bannange, amekiri!" wanawake wakapiga makofi ya mshangao. Kevina alijifunika uso kwa kiganja.

Mzee Luwalira aliinua fimbo wakanyamaza. Alikuwa mtu mkavu, asiye na mchezo, naye alimpa Mutyaba mgongo na kushusha sauti hadi ikawa mnong'ono. "Anasema hasikii. Anayesema hivyo ama anatudhihaki msibani kwetu au ni kweli, na mimi sitaki kulala na shaka. Robinah, inuka. Nenda ukasimame nyuma yake, umtukane. Nataka nimwone Muganda atakayetukanwa na mkewe mbele ya wakwe akatulia."

"Baba mdogo, mimi siwezi."

"Utaweza. Msibani unaruhusiwa."

Robinah alikwenda akasimama nyuma ya mgongo wa mumewe. Mutyaba alikuwa anawatazama wanaume waliomkabili, akingoja kesi iendelee.

"Unakoroma kama nguruwe," Robinah alisema.

Kicheko kidogo. Mutyaba hakutikisika.

"Miguu yako inanuka. Sufuria zako zinavuja, watu wanakuonea huruma wananunua."

Safari hii walicheka kweli, msiba au hakuna msiba. Mutyaba aliona nyuso zimefunguka, akadhani mambo yameanza kulainika. Akatabasamu nao, kwa adabu ya ukweni. Lile tabasamu liliwachekesha zaidi, hata mtu mmoja akafuta machozi. Nakitto aliondoka pale jikoni akaenda kusimama nyuma ya ghala.

"Mama yako alikufa hanipendi, na mimi nilimlilia kwa kitunguu. Nimekupikia miaka yote hii, nikikusemesha kama ninausemesha ukuta. Asubuhi ile nilipoinuka pale mlangoni, nilimuuliza Mungu kwa nini amemchukua baba akaniachia wewe."

Kicheko kilikatika. Ndani, nyuma ya pazia, mama mkwe alisikika akilia. Mutyaba alibaki na tabasamu lake peke yake uani, kisha nalo likazimika polepole alipoona hakuna anayelishiriki.

"Basi," alisema Mzee Luwalira. "Hasikii."

"Tulimpa kiziwi dada yetu," Ssemwanga alisema, "tena tukala mbuzi wake."

"Nani kiziwi?" Mutyaba aliuliza, maana hilo alilisikia vizuri.

"Lubugo utalileta hata hivyo," Mzee Luwalira alimwambia. "Aliye kaburini alilala bila, na kwake uziwi wako si habari."

"Nitaleta. Mawili nitaleta." Aliwageukia mmoja mmoja. "Lakini amesema nini? Huyu nyuma yangu, amesema nini?"

Ssemwanga alichokoa jivu kwa kijiti. Wengine walitazama migomba.

"Kevina. Amesema nini?"

"Mambo ya wanawake tu, kaka. Inuka twende."

Hapo Robinah angeweza kuingia jikoni na neno likafa. Watu wote pale walitaka liishe hivyo, na mimi nisingemlaumu. Badala yake alizunguka akaja mbele ya mumewe. Shangazi mmoja alimwashiria kwa kidole, chini, piga magoti. Hakushuka. Alimshika Mutyaba kidevu, jambo ambalo mke hamfanyii mume mbele za watu, akauinua uso wake.

"Nimesema," alipaza sauti, neno baada ya neno, "nilimuuliza Mungu kwa nini amemchukua baba akaniachia wewe."

Mutyaba aliitazama midomo yake hadi ikatulia.

"Nimesikia," alisema.

"Umesikia nini?"

"Kwamba heri ningekufa mimi. Na mengine?"

"Mengine yapi?"

"Uliyokuwa ukiyasema siku zote umeinama. Mimi hayakunifikia."

Robinah alimtazama kwa chuki, na chuki yake ilikuwa ya haki, maana hata kumsamehe sasa kungekuwa kazi nyingine aliyoongezewa yeye. Alikwenda akachukua kigoda cha Ssemwanga, kigoda cha mwanamume, akakiweka mbele ya mkeka na kukikalia.

"Tuanze na mimba iliyotoka," alisema. "Mwaka ule wa mvua nyingi. Nilikwambia jikoni, damu bado inatoka. Ukaniitikia 'vizuri', ukaomba chumvi."

"Mimba gani? Robinah, mimi siku—"

"Nyamaza. Sasa unasikia."

Akaendelea. Alisema kwa ukali, usoni mwake, mwaka baada ya mwaka, na alipokosea aliurudia upya. Wanaume waliona haya, wakainuka mmoja mmoja na vigoda vyao, na moto ukaachwa bila kuni. Mutyaba hakujitetea. Kila neno lilipomfikia aliitikia kwa kichwa, uso umelowa.

Sauti ilipoanza kumkauka, Nakitto alimletea maji. Robinah alikunywa, akarudisha kikombe, akasogeza kigoda mbele hadi magoti yao yakagusana, akaendelea.